Mnyapara na Wenzake

Maneno ya kazi yana tabia ya kuhama kama wafanyakazi wenyewe. Neno huondoka kijijini kwao likiwa na heshima zake zote, likafika mjini likapewa kazi nyingine, na baada ya miaka hamsini hata ndugu zake hawalitambui. Jambo hili limenishughulisha kwa muda mrefu, yamkini kwa sababu kwa miaka 32 nilikuwa katika kazi ambayo nusu yake ilikuwa kuwagawia watu majina. Huyu aandikwe karani daraja la tatu, yule mhudumu, huyu mwingine apandishwe awe msimamizi. Mtu hupewa jina la cheo asubuhi, jioni anarudi nalo nyumbani, na mkewe anaanza kumwita hivyo kwa utani au kwa fahari.

Cheo changu mwenyewe kilikuwa Afisa Utumishi. Hebu litazame neno hilo, msomaji. Ndani yake mna kitenzi kutuma. Katika kitenzi hicho hicho tumepata mtume, mtumishi na mtumwa. Mmoja tunamswalia au tunamwomba atuombee, mwingine anakaa ofisini akihudumia umma, na wa tatu aliuzwa sokoni. Wote watatu wametumwa. Tofauti iko kwa aliyewatuma, na kama walikuwa na ruhusa ya kukataa. Nimekaa katika mikutano mingi ambamo wakubwa walitukumbusha kwamba sisi ni watumishi, na kila mara sikio langu lilikuwa likisubiri kuona ulimi utaangukia silabi gani mwishoni.

Nakumbuka waraka mmoja ulioletwa kwetu, ukiagiza kwamba neno tarishi lisitumike tena na badala yake tuandike mhudumu wa ofisi. Nia ilikuwa njema. Tulikuwa na tarishi mzee, mtu mrefu mwembamba, aliyejua kila ofisi ya mjini na kila mbwa aliyelinda lango lake. Alikuja mezani kwangu akiwa na barua yake mpya mkononi. Akaniambia, "Bwana Afisa, tarishi ni mtu anayekwenda. Mhudumu ni mtu anayengoja kuitwa. Mimi nimekosa nini?" Nilimweleza kwamba mshahara haukupungua. Akasema hakuuliza habari ya mshahara. Na kusema kweli mzee yule alikuwa na hoja kubwa kuliko alivyojua, kwa maana mhudumu na hadimu ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu, na hadimu katika Kiswahili cha zamani alikuwa mtumishi asiye huru. Waraka ulikuwa umemkimbiza mzee kutoka kwenye neno lisilo na doa na kumpeleka kwenye neno lenye doa la zamani. Lakini waraka ni waraka. Aliendelea kusambaza barua hadi alipostaafu, na sisi tuliendelea kumwita tarishi kwa mdomo na mhudumu kwa karatasi.

Neno kibarua lina hadithi nzuri zaidi, nayo iko wazi kabisa kwa yeyote anayelitazama, ila sisi tumelizoea mno hata hatulitazami. Kibarua ni barua ndogo. Zamani mtu aliyechukuliwa kufanya kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi cha kuonyesha kwamba amefanya kazi, na kwa kijikaratasi hicho alidai ujira wake. Baadaye watu wakaacha kumtofautisha mtu na karatasi yake. Karatasi ikawa mtu, mtu akawa karatasi. Leo tunasema fulani kibarua chake kimeota nyasi, maana yake amefukuzwa kazi, na hakuna anayecheka akiwaza barua inayoota nyasi.

Kipande nacho kilifuata njia hiyo hiyo. Nchini Kenya kilikuwa kitambulisho ambacho Mwafrika mwanamume alilazimishwa kutembea nacho tangu miaka ya mwanzo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, aghalabu kikiwa ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Kwetu Tanganyika kilikuwa kadi ya kazi ya siku 30. Mtu alikamilisha siku 30 ndipo akalipwa, na siku isiyoandikwa haikuwa siku, hata kama jua lilichomoza na kutua na mtu yule ameinama shambani muda wote. Na waliotoka mbali kwa mkataba kuja kukata mkonge waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba na kwa namba hiyo aliitwa. Sidhani kama Kiswahili kina neno la kazi lililo tupu kuliko hilo. Kibarua angalau alikuwa na barua.

Baba yangu alikuwa namba. Alitoka Unyamwezi mwaka 1951, akiwa kijana ambaye ndevu zilikuwa bado hazijakubaliana na kidevu chake, akapanda treni ya reli ya kati pamoja na vijana wengine, kisha lori, hadi kwenye shamba moja la mkonge mkoani Tanga. Huko aliwakuta Waha, Wabena, Warundi, na kila kabila lilikuwa na safu yake ya nyumba kambini. Miaka ile mkonge ulikuwa dhahabu ya nchi. Mwaka 1964 uzalishaji ulipita tani 200,000, na hakuna nchi nyingine duniani iliyotufikia. Sisi watoto wa kambini tulijua dhahabu hiyo kwa harufu ya maji machafu yaliyotoka korona. Korona ndilo jina la mashine ya kuchakata mkonge, na kwa wazee wa Tanga kiwanda chenyewe pia ni korona. Ugonjwa ulipotangazwa mwaka 2020 jirani yangu mmoja mzee aliuliza kwa mshangao itakuwaje mashine iliyosimama zamani ianze kuua watu leo.

Mwaka 1958 baba alipewa unyapara. Hapa ndipo neno lenyewe linapoanza kuniuma, na ndiyo sababu hasa ya kuandika kurasa hizi.

Mwulize Mtanzania yeyote leo mnyapara ni nani. Atakwambia ni msimamizi mkali, mtu wa kufoka, mtu wa kusimama na fimbo huku wenzake wakichimba. Akiwa amewahi kuwa mahabusu au ana ndugu aliyewahi kufungwa, atakwambia mnyapara ni mfungwa aliyepewa mamlaka juu ya wafungwa wenzake. Nchini Kenya, mashamba ya walowezi yalikuwa na wanyapara wao, na sifa zao hazikuwa tofauti. Huko Kongo mtu wa kazi hiyo waliita kapita, neno walilolipata kwa Wareno, na sina habari kwamba kapita alipendwa kuliko mnyapara. Basi neno limeharibika, na aliyeitwa hivyo huharibika pamoja nalo.

Lakini neno hili halikuzaliwa shambani wala gerezani. Limetoka kwa Wanyamwezi, kwao baba. Huko wanyampara walikuwa wazee, watu wazima wenye busara waliomzunguka mtemi na kumshauri. Misafara ya pembe na nguo ilipoanza kupita kati ya Tabora na pwani katika karne ya 19, Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri wa njia ile, na walikuja na neno lao. Mnyampara wa msafara alikuwa mkuu wa kundi la wapagazi. Alisema kwa niaba yao mbele ya mwenye mali, aligawa posho, aliamua ugomvi, alijua ni nani ana homa na ni nani anajifanya. Wazungu waliopita njia hiyo, kina Burton na Stanley, wameliandika neno hilo kila mmoja kwa tahajia yake. Kiongozi naye alikuwa mtu wa msafara, yule aliyetangulia mbele akiiongoza njia. Leo ameingia katika siasa na amepanda gari. Mwenziwe mnyampara alibaki nyuma na wapagazi, na serikali za kikoloni zilipokuja na barabara zake, reli zake na mashamba yake, zilimkuta hapo hapo amesimama kati ya mwenye kazi na wafanya kazi. Zikamgeuza uso tu. Aliyekuwa akiwatazama wakubwa kwa niaba ya watu, akaambiwa awatazame watu kwa niaba ya wakubwa.

Sikusoma hayo yote kwa mpigo mmoja. Niliyaokota kidogo kidogo, mengine katika vitabu, mengine kwa baba mwenyewe, ambaye hakupenda kuzungumza habari za kazi. Alisema neno moja tu ambalo limenikaa. Alisema kwamba alipoambiwa atakuwa mnyapara, yeye na wenzake wa kwao walicheka sana usiku ule, kwa sababu alikuwa hajafikisha miaka 30 na hana hata mvi moja.

Mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa mwaka 1967, majina yalibadilishwa pamoja na mabango. Baba akawa msimamizi. Kazi ilikuwa ile ile, kofia ilikuwa ile ile, na watu waliendelea kumwita mnyapara asipokuwepo. Na hapa tena lugha ilitucheza shere. Msimamizi ni mtu aliyesimama, anayesimamia. Linaonekana kuwa neno safi, la ofisini, la mirathi na la mitihani. Lakini fungua kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, au waulize wanaojua habari za mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba wakati wa utumwa. Shamba lilikuwa na wakubwa watatu wa kazi. Wa kwanza aliitwa msimamizi, wa pili nokoa, wa tatu kadamu, na hao wawili wa chini aghalabu walikuwa watumwa wenyewe waliowekwa juu ya watumwa wenzao. Nokoa na kadamu wamekufa, hata watu wa makamo hawayajui majina hayo. Msimamizi amesalimika, amenawa uso, ameingia mjini.

Baba alifariki mwaka 2004. Wakati wa kuandika wasifu wa marehemu, usiku, chini ya taa ya karabai kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, kaka yangu mkubwa aliandika kwamba marehemu alifanya kazi kama msimamizi wa shamba la mkonge hadi alipostaafu. Wengi waliona ni sawa. Wajukuu watakuwepo, walisema, na wageni kutoka Dar es Salaam, na jina mnyapara litawachekesha watu msibani. Mimi nilinyamaza, kwa maana niliona pande zote mbili zina haki na kaka ndiye mkubwa.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa amesafiri siku mbili kutoka Tabora. Alikuwa amelala mkekani tukidhani amesinzia. Akasema bila kuinuka, "Wanangu, kaka yangu alitoka nyumbani hana jina la kazi. Alirudi likizo akiwa mnyampara, na baba yetu alimchinjia mbuzi kwa ajili ya neno hilo. Mkiandika jingine mtakuwa mnamzika mtu simjui." Aliligonga neno kwa namna ya kwao, na ile mi ndogo katikati, na ghafla halikuwa tena neno la mtu mwenye fimbo.

Kaka alikata mstari, akaandika upya. Asubuhi liliposomwa makaburini, baadhi ya vijana walitazamana kama ilivyotarajiwa. Lakini palikuwa na mzee mmoja Mha, aliyekata mkonge chini ya baba miaka mingi, akiwa ameegemea fimbo. Tulipomaliza alikuja kunishika mkono. Nilitegemea asifu, maana ndiyo desturi ya msiba. Akasema, "Alikuwa mkali, baba yako. Mkali kweli. Lakini siku zangu zote aliziandika." Kisha akaenda zake kutafuta kivuli.

Tukiacha shamba na kurudi ofisini, tutawakuta wakubwa waliokuja kwa meli. Bosi ametoka kwa Waholanzi, ambao kwao baas ni bwana mwenye kazi. Waholanzi walilipeleka neno Marekani na pia Afrika Kusini. Marekani, mfanyakazi mweupe alilipenda kwa sababu hakutaka kumwita mwajiri wake kwa neno lile lile ambalo mtumwa alimwitia bwana wake; Afrika Kusini, mtu mweusi alilazimishwa kulitamka kila siku kwa kila mzungu. Neno moja, kimbilio upande huu na kofi upande ule. Sisi tumelipata kupitia Waingereza, nalo limelainika hata mwuza maji barabarani anamwita bosi kila mwenye kioo cha gari kilichoshushwa.

Meneja je? Asili yake ni Kitaliano, na katika shina lake mna neno mkono. Maana ya awali ilikuwa kumshika na kumzoeza farasi. Ukijua hivyo, kikao cha menejimenti kinakuwa kitu kingine kabisa.

Kocha naye ni mtu wa farasi, ingawa kwa njia ndefu zaidi. Huko Hungaria kuna kijiji kinaitwa Kocs, kwenye njia ya kati ya Vienna na Budapest. Katika karne ya 15 mafundi wa kijiji hicho walitengeneza gari la kukokotwa na farasi lililo jepesi na lenye starehe kuliko magari mengine, na jina la kijiji likasafiri pamoja na magari yake Ulaya nzima, hata kila lugha ikawa na kocs yake. Waingereza wakaliita gari hilo coach. Ndipo miaka ya 1830 wanafunzi wa Oxford, ambao kama wanafunzi wote walikuwa na lugha yao ya mitaani, wakaanza kumwita hivyo mwalimu wa kukodi aliyemvusha mtu katika mtihani. Alikuwa gari lake: unapanda, unafikishwa. Baadaye katika karne hiyo hiyo jina lilihamia kwenye michezo, na kwenye michezo ndiko tulikolipokea, tukalitia irabu mwishoni likawa letu.

Kwa hiyo kocha ni mbebaji. Kama lugha ingekuwa na haki, tungemwita mpagazi, kwa kuwa kupagaa ni kubeba mzigo begani. Na aliyebebwa na pepo tunasema amepagawa, jambo ambalo shabiki yeyote aliyewahi kukaa uwanjani Simba ikicheza na Yanga ataona linafaa. Lakini wachezaji wetu wengi hawamwiti kocha akiwa mbele yao. Wanamwita mwalimu. Nafikiri ni wenye akili. Mwalimu ni neno ambalo nchi hii imelipima vizuri. Mtu mmoja aliliacha darasa la Pugu mwaka 1955, akawa rais, na vyeo vyote alivyovaa baadaye havikuweza kulivua neno hilo.

Binti yangu wa pili ana kadi ya kazi iliyoandikwa kocha wa maisha. Hafundishi mpira. Wanamjia watu wazima, wengine wana vyeo, wanamweleza mambo yao ya ndoa, ya kazi na ya woga, naye anawasikiliza, anawauliza, anawapa majukumu ya kutekeleza juma zima. Nilikuwa na mashaka makubwa na kazi hiyo na bado ninayo kiasi. Mwaka juzi alikwenda Tanga kumsalimia mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, ambaye ujanani alikuwa kungwi wa kutegemewa. Wasichana wengi wa mitaa ile wamepita mikononi mwake wakiwa wali, akiwafunda mambo ya mwili, ya nyumba na ya ulimi, na siku ya harusi akakaa mlango wa chumba akisubiri habari.

Tulikuwa tumekaa barazani. Binti alijitahidi sana kumweleza bibi yake kazi anayofanya. Mama mdogo alisikiliza hadi mwisho, huku akichambua mchele.

"Wanakuja kwako mmoja mmoja?" aliuliza.

"Ndiyo, bibi. Mmoja mmoja."

"Na wanayokwambia huyatoi nje?"

"Siyatoi, bibi. Ni mwiko."

"Basi wewe ni kungwi," alisema mama mdogo. Alionekana kuridhika, kama mtu aliyepata kitu kilichokuwa kimewekwa mahali pasipo pake. Kisha akauliza wanalipa nini. Binti alitaja kiasi cha saa moja. Mama mdogo aliacha mchele. Alisema wao walikuwa wakipewa doti mbili za kanga na sahani ya mchele, na bibi harusi akishika mimba upesi, shilingi kumi za shukrani.

"Na mwali wako akimaliza," akaendelea, "anachezwa ngoma?"

Binti alisema hapana, hupewa cheti.

"Cheti," alisema mama mdogo, akarudia kuchambua. Baada ya muda akaongeza kwamba kazi bila ngoma watu watajuaje kama imekwisha, na akamwambia mjukuu wake asogeze ungo, kuna pumba zinaangukia mkekani.